Ukifilisika, Deni la Benki Linabaki Wapi?

Mahindi yakiwa bado magotini na ada za Januari zikiwa zimelipwa kwa fedha za kukopa, ofisi za mawakili hapa Songea huanza kupokea wageni wa aina moja. Huja mmoja mmoja, mara nyingi jioni, na bahasha ya kaki yenye barua za benki. Mgeni akishaketi husema kwa sauti ya chini: "Wakili, nataka nijitangaze mufilisi, madeni yafutwe nianze upya." Amesikia mahali kwamba ipo karatasi ambayo ukiijaza, kila anayekudai anakoma.

Karatasi ya namna hiyo haipo. Mtu hajitangazi mufilisi kama anavyotangaza kupotelewa na kitambulisho. Anayemtangaza ni Mahakama Kuu, baada ya maombi kufunguliwa na yeye mwenyewe au na anayemdai, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Kwa mkazi wa Ruvuma maombi hayo huenda Mahakama Kuu Kanda ya Songea. Sheria yenyewe ni ya zamani. Ilitungwa enzi za mkoloni Mwingereza kwa kufuata sheria ya kwao ya 1914, na mpaka leo inabeba mawazo ya wakati ule: mdaiwa aanikwe mbele ya watu, ahojiwe hadharani, mali yake igawanywe, kisha mahakama iamue kama anastahili kuachiliwa.

Neno lenyewe linasema mengi. Mufilisi na fulusi ni ndugu wa damu, wote wametoka kwenye jina la sarafu ya shaba ya Waarabu. Mufilisi ni yule ambaye dhahabu na fedha zimemwisha, akabaki na vijisenti vya shaba. Kwa hiyo hata kwa asili yake neno halimsemi mtu asiye na kitu kabisa. Linamsema mtu ambaye alichonacho hakitoshi. Sheria nayo inaanzia hapo hapo: mali kidogo iliyopo, wadai wengi, nani apate nini?

Ili tuelewane, tumchukue mfanyabiashara wa mahindi wa Lizaboni. Huyu ni wa mfano tu, simsemi mtu yeyote. Anadaiwa na benki Sh 38,000,000, na rehani yake ni nyumba iliyopo Msamala. Anadaiwa na SACCOS Sh 6,000,000, wadhamini wake wakiwa walimu wawili. Wakulima wa Madaba walimpa mahindi kwa mali kauli, awalipe akishauza. Wanamdai Sh 9,500,000. Mamlaka ya Mapato inamdai Sh 1,200,000. Mwisho kuna mkopeshaji wa mtaani aliyempa Sh 1,000,000 na sasa anadai Sh 2,400,000. Mali aliyobaki nayo, ukiacha nyumba, ni pikipiki, magunia 60 ya mahindi ghalani, na akiba ya Sh 1,800,000 ndani ya SACCOS.

Namna mtu anavyofika hapo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Ruvuma. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka, na waliokuwa wamekopa ili kukusanya mzigo wakabaki na maghala yaliyojaa na mikopo iliyoiva. Kule Mbinga wako waliouza kahawa ikiwa bado mtini, ile biashara ya magoma, wakavuna deni badala ya kahawa. Wengi wa hawa si wazembe. Walikopa kwa hesabu ambayo ingekuwa sahihi kama bei ingesimama.

Basi tuseme Mahakama Kuu imetoa amri ya kwanza, ile inayoiweka mali ya mdaiwa chini ya ulinzi wa afisa wa Serikali. Kazi ya ufilisi kwa upande wa Serikali iko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi wetu tunaujua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Kuanzia siku hiyo mdai asiye na rehani haruhusiwi kumshtaki mfanyabiashara wetu wala kuendelea kumwandama bila ruhusa ya mahakama. Wakulima wa Madaba, SACCOS, mkopeshaji wa mtaani, wote wanaambiwa wapange foleni moja na walete uthibitisho wa madai yao. Nafuu ya kweli ya ufilisi ndiyo hii. Inazuia vurugu ya mwenye nguvu kufika usiku na kubeba kila kitu huku mnyonge akibaki mikono mitupu.

Lakini benki haipangi foleni hiyo. Hapa ndipo wageni wangu wengi huinamisha kichwa. Mwenye rehani anasimama nje ya ufilisi. Amri ya mahakama haimzuii kuikamata na kuiuza mali aliyowekewa dhamana, kwa sababu machoni pa sheria sehemu ya nyumba ile ilishakuwa yake tangu siku rehani iliposajiliwa. Benki ina hiari tatu: iuze nyumba na kudai pengo kama lipo, ikadirie thamani ya nyumba na kudai kinachozidi, au iiachie nyumba kwa wote na kudai deni lote pamoja na wengine. Hiyo ya tatu sijaona benki yenye akili timamu ikiichagua.

Tena wengi hudhani benki lazima iende mahakamani kwanza ndipo iuze. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, inaipa benki uwezo wa kuuza bila kesi, mradi ifuate hatua. Kwanza ni notisi ya kukiuka mkataba, inayompa mkopaji siku 60 za kurekebisha. Zikiisha, inakuja notisi ya kuuza, na mauzo hayawezi kukamilishwa kabla ya siku 30 kupita tangu aipokee. Mnada wa ardhi nao unataka tangazo la hadharani la angalau siku 14. Katika muda wote huo, mpaka nyundo ya dalali igonge na mkataba wa mauzo ufungwe, mkopaji bado ana haki ya kulipa anachodaiwa pamoja na gharama na kuikomboa nyumba yake.

Sheria hiyo hiyo inaitaka benki iuze kwa bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko wastani wa nyumba zinazofanana nayo sokoni, benki inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo mwenye nyumba asikae kwa huzuni siku ya mnada. Aende na tathmini ya mthamini aliyesajiliwa mkononi. Na kama nyumba ni ya familia, mke au mume ambaye hakuridhia rehani ana hoja nzito, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinataka ridhaa yake. Hoja hiyo, hata hivyo, hufa haraka ikigundulika kwamba saini ilitolewa kwa hiari na sasa inakanwa kwa sababu dalali amefika.

Turudi Msamala. Nyumba imeuzwa Sh 31,000,000. Pengo ni Sh 7,000,000, na kwa pengo hilo benki sasa inashuka na kujiunga na foleni ya wengine. Pikipiki imepata Sh 1,500,000 na magunia 60 yameuzwa kwa Sh 55,000 kila moja, yaani Sh 3,300,000. Jumla ni Sh 4,800,000. Tukitoa gharama za shughuli yenyewe, tuseme Sh 800,000, zinabaki Sh 4,000,000. Kodi ya Serikali ni miongoni mwa madeni yanayotangulia, sawa na mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa. Mamlaka ya Mapato inachukua Sh 1,200,000 yake yote. Zimebaki Sh 2,800,000.

SACCOS kwanza inakata akiba ya Sh 1,800,000 iliyo mikononi mwake, kwa sababu watu wanaodaiana pande zote mbili hukatana hesabu kabla ya kudai salio. Dai lake linashuka hadi Sh 4,200,000. Mkopeshaji wa mtaani tuseme amekubaliwa Sh 1,300,000 tu, riba iliyozidi imekataliwa. Ukijumlisha benki, SACCOS, wakulima na huyu, madai ni Sh 22,000,000, na fedha iliyopo ni Sh 2,800,000. Kila shilingi inayodaiwa inalipwa senti 12 na kitu. Wakulima wa Madaba, waliolima, wakavuna na kupakia, wanapata kama Sh 1,200,000 kati ya Sh 9,500,000 zao.

Nimeipiga hesabu hii kwa urefu kwa makusudi. Mjadala wa ufilisi hapa kwetu humzungumzia mdaiwa na benki, basi. Mkulima aliyetoa mzigo kwa mali kauli, bila karatasi yoyote zaidi ya daftari la shule, ndiye anayeumia kuliko wote, na mara nyingi hata dai lake hakulipeleka kwa kuwa hakujua pa kulipeleka.

Sasa walimu wawili. Fedha ya SACCOS iliyopungua ni kama Sh 3,660,000. Mdaiwa akitangazwa mufilisi, na hata baadaye akiachiliwa na madeni yake kufutwa, mdhamini hafutiwi. Sheria inasema hivyo bila kumung'unya maneno: kuachiliwa kwa mufilisi hakumwachilii aliyedaiwa pamoja naye wala aliyemdhamini. SACCOS itageukia mishahara ya walimu wale, na kinga yao kubwa ni ule utaratibu wa kumwachia mtumishi walau theluthi moja ya mshahara wake. Nimewahi kukaa na mdhamini aliyesaini akiwa amesimama, kalamu ameazima, kwa sababu rafiki yake alimwambia ni "mambo ya utaratibu tu". Ukidhamini, hesabu kwamba umekopa wewe.

Mkopeshaji wa mtaani anastahili aya yake. Mikopo hii watu wameipa jina lake sahihi, kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayekopesha umma kama biashara awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitaja hadharani programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Anayekuja kuchukua sofa, televisheni na sufuria kwa sababu umechelewa siku 3, bila amri ya mahakama na bila wewe kuviweka vitu hivyo dhamana, hana haki hiyo. Kushikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri ni unyang'anyi uliovaa tai. Kwa ajili ya huyu usikimbilie Mahakama Kuu na maombi ya ufilisi. Anza polisi, ofisi ya mkuu wa wilaya au kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Hata mdai halali akishinda kesi, hawezi kubeba kila kitu. Katika kutekeleza hukumu ya kawaida ya madai, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, zana za fundi na za kilimo, na hata nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Ukishaiweka nyumba rehani, kinga hiyo umeiuza. Pia ni kinga ya utekelezaji wa hukumu. Usidhani itakufuata moja kwa moja mpaka ndani ya ufilisi, ambako sheria ina orodha yake, fupi zaidi, ya vifaa vya kazi, nguo na matandiko.

Wapo wanaouliza juu ya ufilisi kwa hofu ya jela ya madai. Hofu hiyo ina msingi. Mdai anaweza kuomba mdaiwa awekwe kizuizini kwa kipindi kisichozidi miezi 6, mdai mwenyewe akigharamia chakula chake, na akitoka deni bado lipo. Lakini mahakama haimfungi mtu kwa sababu ni maskini. Inataka kuona kwamba anacho na hataki kulipa, au anaficha. Mfanyabiashara ambaye mzigo umemwozea ghalani akieleza hali yake kwa ukweli na vielelezo ana nafasi nzuri ya kulala nyumbani kwake.

Kuficha ndiko kunakowaharibia wengi. Wiki moja kabla ya kufungua maombi, shamba la Namtumbo linahamia jina la shemeji, pikipiki inaandikwa ya mdogo wake, na mdai mmoja rafiki analipwa lote huku wengine wakiambiwa hakuna. Mahakama ina uwezo wa kuyafuata hayo yote na kuyabatilisha, na siku ya kuomba kuachiliwa yatasomwa mbele ya jaji pamoja na mengine: kama alitunza vitabu vya biashara, kama aliendelea kuchukua mali ya watu huku akijua hawezi kulipa, kama fedha iliishia kwenye kamari.

Kuachiliwa kwenyewe hakuji kwa kupita kwa muda. Hapo sheria yetu inawabana watu mno, na nasema bila kusita kwamba imepitwa na wakati. Mufilisi wa Tanzania lazima arudi mahakamani kuomba, na jaji anaweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kuweka masharti. Kabla ya hapo, urithi wowote anaopata unakwenda kwa wadai, hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na akikopa bila kumwambia anayemkopesha kwamba yeye ni mufilisi anatenda kosa la jinai. Hata akiachiliwa, deni lililotokana na ulaghai wake halifutiki. Na kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo ya Benki Kuu, historia yake itaonwa na kila benki atakayoibishia hodi.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria pacha ya hii yetu mpaka walipotunga Sheria ya Ufilisi mpya mwaka 2015. Kwao sasa mufilisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3 bila kuomba, isipokuwa kukiwa na pingamizi. Wameweka pia njia nyepesi kwa mtu asiye na mali kabisa ambaye madeni yake yako kati ya Sh 100,000 na Sh 400,000 za Kenya: anaomba mara moja, na baada ya miezi 12 anatoka. Mama lishe wa Soko Kuu la Songea hana njia ya namna hiyo. Gharama za wakili na Mahakama Kuu kwa deni lake la milioni mbili ni sawa na kukodi lori kubeba debe moja. Wabunge wa Ruvuma, ambao wapiga kura wao wanaishi kwa msimu mmoja wa mavuno, wangekuwa watu sahihi wa kulibeba jambo hili Dodoma.

Mpaka hapo litakapobebwa, kwa mtu wa kawaida hapa kwetu maombi ya ufilisi ni dawa kali ya mwisho. Inamfaa mwenye wadai wengi wasio na rehani, wanaogombea mali kidogo, na ambaye vitabu vyake ni safi. Mwenye deni moja kubwa la benki lenye nyumba ndani yake haimsaidii chochote, maana anayemsumbua ndiye asiyeguswa na ufilisi. Huyo afanye mambo mengine, na ayafanye mapema: aandike barua kuomba muda wa marejesho urefushwe ukiambatana na msimu wa mavuno, au aombe benki imruhusu atafute mnunuzi mwenyewe. Nyumba ikiuzwa na mwenyewe kwa utulivu mara nyingi huzidi bei ya mnada, na ile Sh 7,000,000 ya pengo la Msamala ingeweza isiwepo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama barua ya benki imeshafika, usiifiche chini ya godoro ili mwenzako asiione. Ifungue, andika juu yake tarehe uliyoipokea, kisha hesabu siku 60 kuanzia hapo. Nenda kwa wakili au msaidizi wa kisheria wiki ya kwanza, ukiwa na mkataba wa mkopo, hati ya rehani na stakabadhi zako zote za malipo. Siku ya 59 hata wakili hodari wa mji huu anabaki na machache ya kukufanyia kabla ya mnada.